Gazeti Lililobeba Jina la Mlima: Magazeti ya Mwanzo na Sauti za Watu wa Usambara, 1888–1916

Ikisiri

Makala haya yanachunguza magazeti yaliyochapishwa katika milima ya Usambara na maeneo yanayoizunguka tangu mwishoni mwa karne ya 19 hadi kuanguka kwa utawala wa Kijerumani katika eneo hilo mwaka 1916. Magazeti matatu yanapewa uzito wa pekee: Usambara-Post, gazeti la walowezi lililotolewa Tanga kwa Kijerumani, Habari za Mwezi, lililotolewa na misheni ya Magila kwa Kiswahili, na Kiongozi, lililotolewa na shule ya serikali ya Tanga, pia kwa Kiswahili. Hoja kuu ni kwamba gazeti lililobeba jina la Usambara halikuwasemea wakazi wa Usambara, ilhali sauti zao zilihifadhiwa kwa vipande tu katika magazeti yasiyobeba jina lao na katika lugha ambayo kwa wengi wao haikuwa ya nyumbani. Kwa hiyo mtafiti anayetumia magazeti hayo kama ushahidi hana budi kuuliza maswali manne kabla ya kunukuu: mtambo wa kuchapia ulikuwa wa nani, lugha iliyotumika ilikuwa ya nani, habari zilipita njia gani, na nani alikuwa na uwezo wa kuzipeleka. Makala yanaonesha namna maswali hayo yanavyobadili usomaji wetu wa suala moja mahususi, yaani kazi ya lazima katika wilaya ya Wilhelmstal, ambayo leo ni Lushoto.

1.0 Utangulizi

Historia ya magazeti nchini Tanzania imeandikwa zaidi kutoka Dar es Salaam na Zanzibar. Hilo si ajabu, kwa kuwa huko ndiko yalikokuwa makao ya serikali na mitambo mikubwa. Hata hivyo, ukanda wa Tanga, Bonde na Usambara ulikuwa miongoni mwa vitovu vya awali vya uchapaji katika bara la nchi hii. Katika eneo ambalo mtu angeweza kulivuka kwa miguu kwa siku chache, kulikuwa na mtambo wa wamisionari wa Kiingereza Magila, mtambo wa shule ya serikali Tanga, na gazeti la wakulima wa Kizungu katika mji huohuo wa Tanga.

Kazi ya kwanza ya kitaaluma iliyoshughulikia magazeti ya Kiswahili ya wakati huo kwa upana ni tasnifu ya Hilde Lemke, iliyowasilishwa Leipzig mwaka 1929. Baadaye Iliffe (1979) aliyatumia magazeti hayo kama chanzo cha historia ya Tanganyika, Sturmer (1998) akayapanga katika historia ya vyombo vya habari vya Tanzania, na Krautwald (2021) akalichunguza zaidi suala la magazeti na mamlaka katika Afrika Mashariki ya Kijerumani. Kwa upande wa Usambara yenyewe, kazi za Feierman (1974, 1990) ndizo msingi, ingawa zimejengwa zaidi juu ya masimulizi ya wazee na nyaraka za utawala kuliko juu ya magazeti. Makala haya yanasimama kati ya mikondo hiyo miwili: yanayarudisha magazeti kwenye mlima, na kuuliza mlima uliyaonaje.

Swali hili lina umuhimu wa sasa. Baadhi ya magazeti ya kikoloni ya Kijerumani yamewekwa mtandaoni na maktaba za Ujerumani, na mwanafunzi anayetafuta neno "Usambara" huyafikia kwa urahisi. Nakala za magazeti ya Kiswahili ya wakati huo ni chache na zimetawanyika. Urahisi wa kupata chanzo unaweza kugeuka kuwa uzito wa chanzo, na hapo ndipo tasnifu inapoweza kuandika historia ya Washambaa kwa kalamu ya waliowaajiri.

2.0 Mkabala: Gazeti kama Ushahidi

Gazeti huonekana kama kioo cha mahali linapotajwa. Dhana hiyo inahitaji kupimwa, na ulinganisho mmoja kutoka nje ya Afrika unasaidia kuipima.

Wabulgaria, walipokuwa chini ya dola ya Uthmani, walipata magazeti yao ya kwanza nje ya nchi yao. Jarida la Lyuboslovie la Konstantin Fotinov lilitolewa Smyrna mwaka 1844. Gazeti la Balgarski orel la Ivan Bogorov lilichapishwa Leipzig mwaka 1846, na Tsarigradski vestnik likaanza Istanbul mwaka 1848. Hakuna hata moja kati ya hayo lililochapishwa katika ardhi ya Bulgaria, lakini yote matatu yaliandikwa kwa Kibulgaria, na Wabulgaria, kwa wasomaji wa Kibulgaria. Umbali wa mtambo haukuyaondolea magazeti hayo uhusiano na watu wake, na wanahistoria wa nchi hiyo huyahesabu kuwa mwanzo wa vyombo vyao vya habari.

Usambara inatupa hali iliyo kinyume. Gazeti lililobeba jina la milima lilichapishwa karibu nayo, lakini liliandikwa kwa lugha ya wageni, na wageni, kwa wasomaji wageni. Ukaribu wa mtambo haukulipa uhusiano na watu. Kutokana na ulinganisho huu tunapata kanuni ya kwanza ya uchambuzi: mahali pa uchapaji na jina la gazeti ni viashiria dhaifu vya umiliki wa sauti. Viashiria vyenye nguvu zaidi ni mtambo, lugha, njia ya habari na nafasi ya mwandishi katika jamii. Sehemu zinazofuata zinatumia viashiria hivyo vinne.

3.0 Jina na Nchi

Jina "Usambara" lenyewe lina historia. Wenyeji huiita nchi yao Shambaai, na huitofautisha na nyika, yaani nyanda kavu zilizo chini ya milima. Kwa mujibu wa Feierman (1974), tofauti hiyo ya mlima na nyika ilikuwa msingi wa namna Washambaa walivyoielewa jamii, kilimo na utawala wao. "Usambara" ni umbo la jina hilo kama lilivyosikika pwani na kuingia katika ramani za Wazungu. Johann Ludwig Krapf alipofika kwa mtawala Kimweri mwaka 1848, na tena mwaka 1852, aliiandika nchi hiyo kwa kupitia masikio ya pwani. Hivyo, hata kabla ya gazeti lolote kuchapishwa, jina la nchi lilikwisha kupita katika mikono mingine.

Makao ya ufalme wa Wakilindi yalikuwa Vuga. Baada ya kifo cha Kimweri, ugomvi wa urithi uliigawa nchi, na Semboja wa Mazinde, aliyekaa karibu na njia ya misafara, akawa na nguvu kubwa. Wajerumani walipoimarisha utawala wao waliikuta nchi ikiwa na madai mengi ya uhalali. Mwaka 1895 walimnyonga mtawala Mputa na kumweka Kinyashi mahali pake. Kinyashi aliachia madaraka mwanzoni mwa karne ya 20, na tangu hapo sehemu kubwa ya utawala ilipitia kwa maakida, ambao wengi wao walikuwa watu wa pwani au waliosoma pwani. Makao ya wilaya yaliwekwa Lushoto, mji ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal.

Jambo hili la maakida ni la msingi kwa historia ya magazeti. Utawala uliotegemea watu wanaosoma na kuandika Kiswahili ulihitaji shule za kuwaandaa watu hao, shule zilihitaji vitu vya kusoma, na gazeti likawa mojawapo ya vitu hivyo.

4.0 Magila: Mtambo wa Misheni

Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati ilikuwa na kituo Magila, katika nchi ya Bonde, chini ya Usambara Mashariki. Misheni hiyo ilikuwa imekwisha kupata uzoefu wa magazeti huko Zanzibar, ambako Msimulizi lilianza kutolewa Kiungani mwaka 1888. Katikati ya miaka ya 1890 Magila nayo ilianza kutoa Habari za Mwezi. Kama jina linavyoonesha, lilikuwa chapisho la habari za kila mwezi, likiwalenga walimu, waumini na wanafunzi waliotawanyika katika vituo vya misheni.

Mtambo wa Magila ulichapisha pia kitabu ambacho thamani yake kwa Usambara ni kubwa kuliko ya gazeti lolote. Kati ya 1895 na 1907 kilitoka hapo, kwa sehemu, Habari za Wakilindi cha Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, mtu wa pwani aliyepata kuwatumikia watawala wa Kikilindi kama mwandishi. Tukio hili lafaa kutazamwa pamoja na lile lililotajwa hapo juu. Mwaka uleule ambao mtawala wa Kikilindi alinyongwa, historia ya nasaba yake ilianza kuchapishwa katika herufi za risasi, umbali usio mkubwa kutoka Vuga. Dola ilipokuwa ikivunjwa, kumbukumbu yake ilikuwa ikipangwa kwenye mtambo.

Hata hivyo, tahadhari inahitajika. Habari za Wakilindi ni kazi ya Mwislamu wa pwani, iliyochapishwa na Wakristo wa Kiingereza, katika koloni la Wajerumani, kuhusu watawala wa mlimani. Tabaka hizo nne haziifanyi kazi hiyo kuwa ya uongo, lakini zinamtaka msomaji ajue ni nani aliyechuja nini. Hali ni hiyohiyo kwa Habari za Mwezi. Walioandika humo walikuwa zaidi walimu wa misheni, na wengi wao walikuwa Wabondei. Washambaa waliokuwa chini ya misheni ya Kilutheri ya Bethel, iliyoanza kazi Mlalo mwaka 1891 na kufungua kituo Vuga mwaka 1895, walikuwa katika mkondo mwingine wa kanisa, na kwa hiyo katika mkondo mwingine wa habari.

Kizazi cha walimu waliolelewa na Magila na Kiungani kiliacha alama katika uandishi wa baadaye. Samuel Sehoza aliandika Mwaka katika Minyororo, kilichochapishwa mwaka 1921, juu ya kufungwa kwake na Wajerumani wakati wa vita. Martin Kayamba, naye kutoka mazingira hayo, alianzisha chama cha watumishi wa serikali wa Kiafrika huko Tanga mwaka 1922. Mazoea ya kuandika kwa ajili ya msomaji asiyeonekana, ambayo gazeti la misheni lilisaidia kuyajenga, yalikuja kutumika katika siasa.

5.0 Usambara-Post: Sauti ya Mashamba

Milima ya Usambara ilivutia walowezi kwa sababu ya hali yake ya hewa na matumaini ya kahawa. Kahawa haikuleta faida iliyotarajiwa, na mtaji mwingi ukahamia kwenye mkonge na mpira katika nyanda za chini. Reli ya Usambara, iliyoanzia Tanga, ilifika Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911, na kando yake mashamba makubwa yaliongezeka. Amani, katika Usambara Mashariki, ilijengwa taasisi ya utafiti wa kilimo na biolojia kuanzia mwaka 1902. Kazi za taasisi hiyo zilihusishwa na jarida la Der Pflanzer, lililoanza mwaka 1905 likiwa mshauri wa wenye mashamba.

Katika mazingira hayo ndipo Usambara-Post lilipozaliwa Tanga, mwanzoni mwa karne ya 20, na kuendelea kutolewa hadi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Lilikuwa gazeti la walowezi wa kaskazini. Deutsch-Ostafrikanische Zeitung, lililoanza Dar es Salaam mwaka 1899, lilikuwa na msimamo unaofanana nalo kwa mambo mengi, lakini Usambara-Post lilikuwa na mizizi katika mahitaji ya mashamba ya Tanga na milimani: bei za mazao, ratiba za meli na reli, sheria za ardhi na, zaidi ya yote, upatikanaji wa wafanyakazi.

Gavana Albrecht von Rechenberg, aliyetawala kati ya 1906 na 1912, alitaka uchumi wa koloni utegemee pia kilimo cha Waafrika. Walowezi waliona sera hiyo kuwa tishio, kwa kuwa Mwafrika anayeuza mazao yake mwenyewe hana haja ya kwenda kuajiriwa. Magazeti ya walowezi yalimpinga gavana huyo vikali. Kwa hiyo, mtafiti anayesoma Usambara-Post anasoma upande mmoja wa mgogoro kati ya Wazungu wenyewe. Washambaa wamo katika kurasa hizo, lakini wamo kama nguvu kazi iliyopo au inayokosekana. Wanazungumziwa bila wao kuzungumza.

Ukweli huo hauliondolei gazeti hilo thamani. Ni chanzo kizuri sana cha fikra za walowezi, bei, majina ya mashamba na kasi ya mabadiliko ya uchumi. Thamani hiyo hupotea pale tu linapogeuzwa shahidi wa mambo lisiyoweza kuyajua.

6.0 Kiongozi: Mtambo wa Shule ya Serikali

Shule ya serikali ya Tanga ilianza katika miaka ya mwanzo ya 1890. Haikufundisha dini, na hilo liliwawezesha Waislamu wa pwani kuwapeleka watoto wao bila hofu ya kubadilishwa imani. Pamoja na kusoma, kuandika na hesabu, wanafunzi walifundishwa kazi za mikono, na uchapaji ulikuwa mmojawapo. Kutokana na mtambo huo lilitoka gazeti la kila mwezi la Kiongozi, lililoanza mwaka 1904 na kukoma mwaka 1916.

Kiongozi lilibeba matangazo ya serikali, habari za ulimwengu, hadithi, mashairi na barua za habari kutoka miji mbalimbali ya koloni. Barua hizo ndizo sehemu yenye uhai zaidi. Walimu, makarani, maakida na wafanyabiashara waliandika kutoka mahali walipopangiwa kazi, wakaeleza mvua, njaa, magonjwa, ziara za wakubwa, kesi na sherehe. Mwandishi wa barua mara nyingi hakuwa mzaliwa wa mahali alipoandikia. Karani aliyepelekwa mlimani kutoka Tanga au Pangani aliandika habari za mlima kwa jicho la mgeni, ingawa alikuwa Mwafrika na aliandika Kiswahili.

Hapa ndipo tofauti ya nafasi katika jamii inapopita tofauti ya rangi. Akida aliyekusanya kodi Usambara na mkulima aliyeilipa hawakuwa na nafasi sawa ya kusikika katika Kiongozi. Wa kwanza alikuwa na karatasi, anwani, mazoea ya uandishi na ulinzi wa cheo. Wa pili alikuwa na mkutano wa kijiji, kesi mbele ya jumbe na, pale ilipobidi, miguu ya kukimbilia. Kulisoma Kiongozi kama sauti ya Waafrika kwa jumla ni kulipa gazeti hilo uwakilishi ambao halikuwa nao. Kulisoma kama sauti ya serikali tu nako ni kosa, kwa kuwa waandishi wake walikuwa na ushindani wao, ucheshi wao, fahari ya miji yao na mashairi yao, na serikali haikuyaamuru yote hayo.

Magazeti mengine ya Kiswahili yalifuata mwaka 1910: Pwani na Bara la Waprotestanti na Rafiki Yangu la Wakatoliki. Kwa Walutheri wa Usambara, Pwani na Bara lilikuwa karibu zaidi kuliko Habari za Mwezi. Jina lake lenyewe linaonesha mpango wa kuunganisha pande mbili ambazo, kwa Washambaa, zilikuwa zimekutana kwa muda mrefu kupitia misafara, biashara na vita.

7.0 Jambo Moja, Kurasa Mbili: Kadi ya Kazi

Ili mkabala huu usibaki katika nadharia, tuchukue suala la kazi ya lazima. Kuanzia mwaka 1907, katika wilaya ya Wilhelmstal, ulitumika mpango wa kadi za kazi. Kila mwanamume aliyehusika alipewa kadi iliyomtaka amfanyie mwajiri kazi ya siku 30 katika kila miezi minne, kwa malipo (Iliffe, 1979). Siku 30 zinaonekana chache kwenye karatasi. Kwa mkulima wa mlimani, ambaye mashamba yake yamegawanyika kati ya miinuko na mabonde na hutegemea misimu miwili ya mvua, siku hizo ziliweza kuangukia palepale mahindi yalipohitaji palizi.

Katika msamiati wa walowezi, suala hili liliitwa upungufu wa wafanyakazi. Neno hilo lina dai ndani yake: linachukulia kwamba idadi sahihi ya wafanyakazi ni ile inayotakiwa na shamba, na kila kinachopungua hapo ni kasoro ya mwenyeji. Mtafiti anayelichukua neno hilo kutoka gazeti la walowezi na kuliweka katika tasnifu bila alama yoyote amekwisha kuchukua pia dai lake.

Katika magazeti ya Kiswahili, mpango kama huo haukuweza kujadiliwa kwa uhuru. Mtambo wa Kiongozi ulikuwa wa serikali, na misheni nazo ziliishi kwa ridhaa ya serikali. Kwa hiyo, ukimya wa gazeti la Kiswahili juu ya jambo fulani hauthibitishi kwamba jambo hilo halikuwaumiza watu. Mtafiti analazimika kutafuta athari zake mahali pengine: katika habari za njaa, za watu waliohama, za kesi, za mavuno yaliyochelewa. Habari hizo ndogo, zinazoonekana hazina siasa, ndizo zinazobeba kile ambacho makala ya mhariri yasingeweza kukibeba.

Kipo pia chanzo cha tatu, ambacho hakikuchapishwa kabisa. Feierman (1990) anaonesha kwamba Washambaa walijadili utawala kwa dhana mbili: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu. Mtawala mwema huleta mvua na shibe. Mtawala mbaya, au watawala wanaogombana, huleta njaa. Kwa mtu aliyefikiri kwa dhana hizo, kadi ya kazi iliyomwondoa mkulima shambani wakati wa mvua haikuwa suala la mishahara. Ilikuwa dalili kwamba nchi inaharibiwa. Mjadala huo uliendelea barazani na shambani, kwa Kishambaa, na haukufika kwenye mtambo wowote kati ya mitatu iliyoelezwa hapa.

8.0 Lugha: Kiswahili na Kishambaa

Misheni ya Bethel iliipa Kishambaa uzito mkubwa. Karl Roehl alichapisha sarufi ya lugha hiyo kwa Kijerumani mwaka 1911. Kwa hiyo Kishambaa kilikuwa na maandishi, lakini maandishi hayo yalikuwa zaidi ya ibada, shule na uchunguzi wa lugha. Uwanja wa habari ulikuwa wa Kiswahili.

Mgawanyo huu una matokeo mawili. La kwanza ni la manufaa: Mshambaa aliyesoma Kiswahili aliweza kusoma habari za Bagamoyo, Tabora na Iringa, na kujiona sehemu ya wasomaji wengi kuliko kabila lake. Kiswahili kilichopita katika magazeti hayo kiliandaa njia ya usanifishaji uliofuata chini ya Waingereza, baada ya mkutano wa Mombasa wa 1928 na kuundwa kwa kamati ya lugha mwaka 1930. Roehl mwenyewe, mtaalamu wa Kishambaa, ndiye aliyekuja kutoa tafsiri ya Biblia ya Kiswahili iliyokamilika mwaka 1937.

La pili ni la hasara: mambo yaliyofikiriwa kwa Kishambaa yalipaswa kutafsiriwa kabla ya kuwa habari, na dhana kama kuzifya shi hazikupata mlango. Mwanaisimu anayechunguza magazeti haya anaweza kuchangia kwa kutafuta maneno ya Kishambaa na Kibondei yaliyojipenyeza katika Kiswahili cha waandishi wa barua. Neno la mlimani lililoachwa bila kutafsiriwa ni alama kwamba mwandishi alifika mahali ambapo Kiswahili cha pwani hakikumtosha.

9.0 Baada ya 1916

Majeshi ya Waingereza yaliichukua Usambara na Tanga katikati ya mwaka 1916, na kwa hatua hiyo Kiongozi na Usambara-Post yalikoma. Wamisionari wa Kijerumani waliondolewa baada ya vita, na kwa miaka kadhaa makanisa ya Usambara yaliendeshwa zaidi na walimu wenyeji. Mwaka 1923 serikali ya Kiingereza ilianzisha Mambo Leo, lililotolewa Dar es Salaam. Kitovu cha habari kilihama kutoka kaskazini kwenda mji mkuu.

Uchapaji haukutoweka milimani. Kiwanda cha uchapaji cha Vuga, kilichotokana na misheni ya Bethel, kilikuja kujulikana kwa vitabu vya kanisa na vya shule. Lakini mpango wa serikali wa hifadhi ya udongo ulipoanza katika bonde la Mlalo mwaka 1946, ukiwataka wakulima walime kwa matuta, upinzani wao ulipitia zaidi katika mikutano, barua za malalamiko na vyama vya wananchi. Miaka 30 baada ya Usambara-Post kukoma, watu wa Usambara walikuwa bado wanasikika zaidi pale wasipochapishwa.

10.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba magazeti matatu yaliyozaliwa karibu na milima ya Usambara yanatupa picha tatu zisizolingana. Usambara-Post lilikuwa na jina la mlima na mtambo wa karibu, lakini lugha na maslahi yake vilikuwa vya mashamba. Habari za Mwezi lilikuwa na lugha ya Kiafrika na waandishi wa Kiafrika, lakini katika mkondo wa misheni moja. Kiongozi lilikuwa na wasomaji wengi wa tabaka la walioelimika, lakini liliishi juu ya mtambo wa serikali. Hakuna kati ya hayo linaloweza kusimama peke yake kama sauti ya Washambaa.

Kutokana na hayo, mapendekezo matatu yanatolewa kwa watafiti. Kwanza, kila nukuu kutoka magazeti ya wakati huo iambatane na maelezo ya mmiliki wa mtambo na nafasi ya mwandishi, hata kwa sentensi moja. Pili, habari fupi za mvua, njaa, kesi na uhamaji zikusanywe kwa utaratibu na kulinganishwa na kalenda ya kilimo ya milimani, kwa kuwa ndizo zinazobeba uzito wa maisha ya wasioandika. Tatu, masimulizi ya wazee wa Lushoto, Bumbuli, Mlalo na Vuga yaendelee kukusanywa kwa Kishambaa na kuhifadhiwa pamoja na nakala za magazeti. Kinachopatikana mtandaoni kwa urahisi leo ni sauti ya mwenye shamba. Kazi ya utafiti wa Kiswahili ni kuhakikisha kwamba aliyepalilia shamba hilo naye ana ukurasa wake.